Sufu ya Drusilla na Kaburi la Mpakani

Mchungaji, wazee, na ninyi nyote mliokuja kulia nasi. Mimi ni Nyamoita, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu. Lakini tumefika hapa Keumbu asubuhi tukakuta kaburi limechimbwa kule chini kabisa, kwenye ua wa mpakani, anapotupwa mtu asiyetakiwa. Mke wa mtu kwetu Gusii hulala mkono wa kushoto wa nyumba yake. Basi sikilizeni maisha yake, kisha mniambie kosa lake ni lipi.

Drusilla Nyanchera alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 huko Magombo, Nyamira, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Ogari. Mwaka 1945 aliingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la nne. Hapo akatolewa ili kaka zake wasome. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, na sijaacha.

Tarehe 7 Agosti 1955 aliolewa na Makori wa boma hili. Ng'ombe walifika kwa baba mchana kweupe, na hakuna anayebisha. Mungu akawajalia watoto wawili.

Marehemu alilima pareto na ndizi kama wenzake. Mwaka 1962 jirani yake, mama Tryphosa, aliyekuwa amerudi kutoka shamba la mzungu kule Sotik, akamfundisha kusokota sufu ya kondoo kwa kijiti. Haikuwa biashara, ilikuwa raha yake. Alisokota akingoja chungu kichemke, alisokota akienda mtoni. Wakwe walimwita mvivu. Yeye aliniambia, "Nyamoita, kijiti ikizunguka, roho inatulia. Wimbo inakuja yenyewe."

Na zilikuja. Nyingi za nyimbo mlizoimba Sabato katika kanisa hili zilitoka kwenye mikono ile. Siku moja mwaka 1966 wimbo ulimjia njiani, akakimbia kwa mchungaji kabla haujampotea, kijiti kikining'inia. Uzi ukamzunguka mchungaji miguuni, na ubeti wa kwanza wakauimba huku akifunguliwa. Mchungaji yuko hapa, mwulizeni.

Uzi aliufuma masweta, akagawa. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Alitenda, akaenda zake, nao waliopewa wakamfuata nyuma.

Agosti 1971 mtoto wa Obwocha, ndugu yake Makori, aliugua. Badala ya kumpeleka hospitali, Obwocha alimleta omoriori, yule mfukua uchawi. Mtu huyo alipanda darini kwa marehemu, juu ya meko, akashuka na furushi jeusi la masizi, linanuka mafuta.

"Hii ni nywele ya watu!" Obwocha akapiga kelele.

"Ni manyoya ya kondoo, shemeji," marehemu akajibu. "Naweka kwa moshi wadudu wasikule. Hiyo sweta umevaa imetoka hapo hapo."

Nani hapa haweki mbegu zake za mahindi darini kwenye moshi? Basi ninyi nyote ni wachawi, tufukuane! Mama Tryphosa alikuja kumtetea, akafukuzwa langoni. Sufu ilichomwa, na kijiti pia. Obwocha alichoma kila kitu isipokuwa sweta. Ameivaa hata leo, kwa sababu kuna baridi.

Makori alisimama mlangoni akitazama vidole vyake vya miguu. Dada yangu akarudi Magombo na nguo alizovaa, na watoto wakazuiwa hapa. Mtoto wa Obwocha alipona alipotibiwa malaria, lakini hakuna mguu uliokuja Magombo kusema pole.

Kwetu alipata kijiti kingine. Alisokota, lakini aliniambia nyimbo haziji tena. Nilimchukia kila mtu wa boma hili siku hiyo, na sioni haya kusema. Mwezi wa Aprili mwaka huu kifua kilimbana, tukampeleka hospitali mara mbili. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 1974, akiwa na miaka thelathini na minane. Alipokuwa hai hamkumtaka. Alipokufa mlikuja mbio mkasema, "Huyu ni mke wetu, tumetoa ng'ombe."

Sawa, ni mke wenu. Basi mzikeni kama mke.

Marehemu ameacha watoto wake, Onchiri na Nyangate, kaka wanne, mimi, na mume, Makori. Asubuhi nilimwuliza Makori kuhusu kaburi lile. Akasema, "Mimi sijui, uliza Obwocha." Siulizi tena. Nikikunja karatasi hii, kaka zake watainuka na majembe waliyokuja nayo kutoka Nyamira, nao watachimba mkono wa kushoto wa nyumba yake. Anayetaka kuwazuia aje kwanza aseme mbele ya jeneza hili kwamba dada yangu alikuwa mchawi.

Apumzike kwa amani, hapa mlangoni pake. Na lile shimo la mpakani, mnajua wenyewe kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litamwita mwingine wa boma hili. Obwocha, kata mgomba ukauzike humo badala ya mtu.