Uzi wa Kushikiza

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shikiza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa lori. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1965, na mwaka uliofuata akaingia kwenye duka la fundi cherehani, akisema anajishikiza tu mpaka apate kazi ya maana, akakaa hapo miaka arobaini na moja.

Neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Mpita njia aliyechanika shati aliambiwa, "Simama hivyo hivyo, mwanangu, nikushikize, usiende kwa bosi mbavu nje," na mlango uliolegea aliushikiza kwa waya, na chai kavu ya asubuhi aliiita ya kushikiza tumbo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na fundi baiskeli, marehemu baba yetu, aliyependa kutania kwamba hata yeye kashikizwa tu, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, mwaka 1979.

Mwaka 2001 jirani alisafiri kutafuta kazi, akamwachia Mama binti yake wa miaka sita, naye marehemu akawaambia watu, "Nimemshikiza tu, mama yake akirudi atamchukua." Mama yake hakurudi. Binti alishinda kando ya cherehani, akaona kwamba uzi wa kushikiza, ule wa muda tu kabla ya mshono wenyewe, mwishowe hufumuliwa, basi akawa anakula taratibu, anakunja shuka lake mapema, wala haombi kitu. Marehemu alimnunulia viatu bila kuombwa, kila mara vilivyomzidi kidogo, ili avivae na mwaka unaofuata, lakini mtoto hakuelewa.

Marehemu alianza kuugua figo Novemba 2022. Wodini, muuguzi alipouliza binti yule ni nani wake, kaka mtu akaanza maelezo marefu, marehemu akamkatiza, "We naye! Huyu nimeshamshona, tena mishono miwili." Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika mkono, mjukuu wake akiwa amesinzia miguuni pake.

Tunawashukuru madaktari, yule muuguzi aliyemletea binti kiti bila kuambiwa, majirani waliotufulia na kutupikia, na mafundi wenzake waliofunga duka wakamshonea nguo ya safari hii, bila kuacha uzi wa kushikiza hata mmoja.

Pumzika kwa amani, Mama, hatufumuki.