Wasifu wa Mama Nyasi, Aliyekataa Kugeuza Udongo

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Nyasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika zahanati iliyo nyuma ya ghala la nafaka. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mkulima na mshona nguo. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake wa kuachiana ziwa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1988 akahitimu stashahada ya kilimo. Huko alifundishwa kwamba shamba zuri ni lile lililolimwa kwa kina hadi likalainika kama unga.

Aliajiriwa kuwa bibi shamba, naye akawafundisha wengine hivyohivyo. Lakini mwaka 2009, baada ya mvua kubwa, alisimama ukingoni mwa shamba alilolisifu mwenyewe, akaona maji mekundu yakiondoka na udongo wote wa juu. Tangu hapo hakugeuza tena udongo wa shamba lake. Alichimba vishimo vya kupandia tu, akatia mboji, akafunika ardhi kwa mabua, na kati ya mistari akapanda maharage ya fiwi. Dawa ya kuua magugu hakuitaka, hivyo magugu yote yalingoja mikono yake. Misimu ya mwanzo alivuna haba, watu wakamcheka. Baadaye udongo wake ukawa mweusi, umejaa minyoo, unameguka kama mkate.

Nyasi ambazo wenzake walitaka kuchoma, yeye aliziomba. Siku ya mahafali ya binti yake alisimamisha teksi njiani, akajaza nyasi kwenye buti. Binti akapokea cheti huku joho likinuka majani makavu.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na dereva wa trekta. Shemeji alilima mashamba ya watu wote, ila tangu mvua ile ya 2009 la nyumbani trekta lake halikuingia. Akiulizwa, alicheka tu: “Mganga hajigangi.” Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Januari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka. Magugu hayakumsubiri apone. Tulipalilia kila tulipopata nafasi, lakini ndago ukiing'oa leo, kesho kutwa imerudi na wenzake. Mwezi wa Agosti shemeji alikaa kando ya kitanda.

“Mama, nimeshindwa,” alimwambia. “Nipige dawa, au nilime?”

Marehemu alifumba macho. Shemeji akarudia swali.

“Baba, usimuulize tena,” mwanawe akasema.

Shemeji akalima. Alikwenda taratibu kama mtu aliyebeba mayai, lakini jembe la trekta halijui taratibu. Marehemu alitazama kupitia dirishani mpaka mwisho.

Jioni tulimtoa nje na kiti. Shemeji akamwekea udongo kwenye kiganja cha kushoto. “Umenikasirikia?”

Alitikisa kichwa kukataa, kisha akanyoosha kidole kwenye lundo la mabua. Tukaelewa. Tulifunika jioni ile na siku zilizofuata, mpaka mabua yakaisha, na nusu ya shamba ikabaki wazi. Tulizunguka kwa majirani kuomba. Wote walikuwa wameshachoma.

Tarehe 11 Septemba mvua ilinyesha kabla ya wakati wake, ikaondoka na ile nusu. Shemeji alisimama mlangoni na jembe mkononi, hajui aende wapi nalo.

Wiki ileile kiharusi kilirudi. Marehemu alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, alfajiri. Binti yake, pamoja na uuguzi wake wote, hakuwa na la kufanya ila kumshika mkono. Habari za shamba hatukumwambia. Lakini mvua ile alikuwa ameisikia juu ya bati, na siku nzima hakuondoa macho yake kwa mumewe.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake.

Apumzike, dada yetu, kwa ile amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.