Mpiga Makasia Aliyekataa Kuwa wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama muuguzi, na kaka yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, alipewa kazi ya kumlinda, kazi iliyomshinda tangu binti alipoanza kutambaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, sekondari hadi 1996, kisha akasomea upimaji wa maji, na tarehe 2 Julai 2001 akaajiriwa kwenye bwawa la mji, ambako kila asubuhi alipiga makasia kwenda kuchota maji ya kupima, akawa anarudi kabla ya wenzake wenye boti za injini, ndipo klabu ya makasia ya pale ikamwita, ingawa haikuwa na mwanamke hata mmoja.

Mwaka 2005, kwenye mchujo wa mashindano ya dunia, alifanya kosa la wapiga makasia, maana wao huupa mgongo mwisho wa mbio, akasikia honi ya mshindani wa njia ya jirani aliyemaliza, akadhani ni yake, akatua makasia zikiwa zimebaki mita kumi, na mama akamwuliza kama alikwenda kushindana au kupunga upepo. Alicheka, akalia, akarudi majini, na tarehe 26 Agosti 2007 akafuzu, akaiwakilisha nchi mara tatu, kila mara akiwa mwanamke pekee kwenye timu yetu, jambo ambalo wengine walimsifia, yeye likamkera.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 2009 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mwana, na tangu 2014 akafundisha wasichana kupiga makasia, akisema hadi tukachoka kwamba hatakubali kuwa wa kwanza na wa mwisho.

Saratani iligunduliwa Februari 2023, akaendelea kufundisha akiwa kitini ukingoni, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, siku mbili kabla ya mchujo wa wanafunzi wake wanne, ambao walikuja nyumbani wakilia kwamba wanajitoa, mumewe akawapa ujumbe ambao marehemu aliwaachia, kwamba atakayeacha mbio ili aje kumtazama sandukuni, asisogee karibu. Kwa hiyo msipowaona hapa, msiwaite watovu wa shukrani, saa hii wako majini kwenye mchujo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumwuguza, na wafanyakazi wenzake wa bwawani.

Pumzika kwa amani, dada yetu, wasichana wako wameshaanza mbio.