King'amuzi cha Bondeni na cha Mlimani

Kijiwe cha kijiji cha Kamuli hakina kahawa ya kunywa. Kina benchi moja la mbao za mkaratusi na kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani, ikakaushwa, ikafungwa kwenye jani la mgomba. Huileta Clavery, aitwaye Mkurugenzi, maana kwa miaka mingi televisheni ya mtaa ilikuwa sebuleni kwake. Anayekaribisha watu ndiye anayewapa kahawa. Ndivyo walivyolelewa, na Clavery alilipenda jambo hilo kuliko televisheni yenyewe. Watu walijaa, wakamwamkia, wakatafuna. Sasa sebule imebaki na viti, na mkosaji, kwa maoni yake, ni Nestory.

Mambo yalianza na wataalamu waliokuja na gari lenye mlingoti. Walisema wanajaribu mifumo miwili ya matangazo ya kidijitali, wa zamani na mpya. King'amuzi cha mfumo wa zamani kikafungwa kwa Clavery, bondeni, katikati ya kibanja chenye migomba minene. Cha mfumo mpya kikaenda kwa Nestory, mlimani. Wanakijiji watazame, kisha waseme kipi bora. Kitakachoshinda kitabaki kwenye nyumba kilimofungwa kwa ajili ya wote, na kitakachoshindwa kitarudi na gari.

Kwa Nestory picha ilitulia. Kwa Clavery msomaji wa habari alikatika vipande, mdomo ukahamia begani. Watu wakapanda mlima. Hata Joviana, mkewe, siku hizi jioni yuko kwenye sala za jumuiya, na Clavery anakula ndizi zake peke yake akitazama mdomo begani.

Kesho ndiyo siku ya kuchagua. Leo kijiweni walikuwa watatu: yeye, Gosbert aitwaye Profesa, na Projestus aitwaye Mpakani, kwa vile huvuka kwenda Rwanda na Uganda kila gulio.

— Tatizo ni migomba, Profesa alianza. Mgomba ni maji matupu. Wimbi linafika kwako lina kiu, linakunywa, linalala. Ndiyo maana wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Anainamaje na antena iko juu ya mti?

— Wewe tafuna, Mpakani. Methali haina ngazi.

Mpakani alitafuna, lakini hakunyamaza. Alisema migomba imesingiziwa. Mawimbi ya majirani yanavuka mpaka bila kitambulisho, yanajaa bondeni kama ng'ombe waliokimbia karantini, na mfumo wa zamani, kwa kuwa ni mzee, unayapisha yote kwa adabu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alimalizia. Mwenyeji wa bondeni ndiye anayeugua.

Clavery aliwasikiliza akiwa na uchungu. Wote wawili jana walikuwa mlimani; alijua, kwa sababu walipokuja kijiweni waliijadili taarifa ya habari ambayo yeye aliiona vipande.

— Nitawaambia mimi, alisema. Wimbi ni moja. Likija kijijini linagawanywa. Picha yangu ikikatika, ya Nestory inazidi kung'aa. Mmewahi kujiuliza ile rangi yote anaitoa wapi? Ni ya kwangu. Yule ananinyonya.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Profesa alikohoa, akasema huenda kweli wimbi hunyonywa, ila kwa kawaida hunyonywa na mabati. Mpakani akasema na vikombe vya zawadi za komunyo ya kwanza ya watoto wa Nestory, vile anavyoviweka kabatini, navyo vinavuta.

Hapo alipita Ingabire, fundi cherehani aliyehamia juzi tu kutoka Nyakakika. Akawapa shikamoo zao, akaomba nafasi benchini, akasikiliza wimbi likinyonywa mpaka akachoka.

— Samahanini, wazee wangu. Mlishabadilishana? Cha bondeni kipande mlimani, cha mlimani kishuke bondeni?

Profesa alimtazama Mpakani. Mpakani alitazama barabara.

Clavery aliinamisha kichwa. Alishalifikiria hilo tangu siku ya kwanza, na akaogopa. King'amuzi cha Nestory kikija kwake nacho kikatoa mdomo begani, basi mfumo hauna kosa. Kosa litakuwa la nyumba yake, na nyumba haibadilishwi kwa mkutano. Alipeleka mkono kwenye jani la mgomba, aweke kahawa mdomoni asilazimike kujibu. Jani lilikuwa tupu. Siku hizi Joviana humfungia kidogo sana. Alisema mibuni imezaa vibaya.

— Imeisha, waitu, mzee wangu? Ingabire aliuliza. Ninayo kidogo.

Akafungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo. Kamuli nzima ni mwanamke mmoja tu anayefunga hivyo.

— Jana nilikuwa kwa Nestory kutazama taarifa. Kuna mama mmoja mkarimu, kila jioni anawaletea wageni. Karibu, mzee.

Profesa na Mpakani walitazama viatu vyao. Clavery alilitazama fundo la Joviana. Alichukua punje mbili kwa mikono miwili, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, akaanza kutafuna.