Dkt. Ikupa Mwakalobo na Mlango wa Msuli

Dkt. Ikupa Mwakalobo alizaliwa Ikuti, wilayani Rungwe, tarehe 14 Mei 1977, mtoto wa kwanza wa Mzee Abrahamu na marehemu mama yetu, Esnath. Asubuhi mama alibeba mkungu wa ndizi bila shida. Ikifika jioni hata kope zilimshinda kuinua. Wapo waliosema ni mvivu, wapo waliosema amerogwa. Ikupa aliuliza, "Mbona uvivu wenyewe unasubiri jioni?"

Alisoma shule ya msingi Ikuti, sekondari Tukuyu, kisha udaktari Dar es Salaam. Mwaka 2006 alifunga ndoa na Ackson Komba, mwenyeji wa Songea. Shemeji alipokuja nyumbani mara ya kwanza, Ikupa alimwambia atazame dari bila kushusha macho. Akatazama mpaka shingo ikamuuma, akidhani ndiyo desturi ya Wanyakyusa kwa wachumba. Kumbe anapimwa kope! Wageni wengi wa nyumba ile walipimwa, mchungaji akiwemo.

Kuanzia 2009 alitafiti vipokezi, yaani protini zilizokaa kwenye utando wa seli kama milango. Ujumbe wa neva ukifika, mlango wa msuli hufunguka, mtu akanyanyua mkono. Aligundua kuwa katika ukoo wetu mlango huo una kasoro ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuieleza. Je, unachelewa kufungwa, au unawahi? Ilikuwa lazima kujua, maana dawa inayomfaa mgonjwa wa aina moja humdhuru wa aina nyingine.

Yeye mwenyewe alikuwa nao ugonjwa huo wa mama, na mwaka 2019 ukafika kwenye misuli ya kupumua. Jibu lingepatikana kwenye kipande cha msuli wa mbavu, lakini kumkata akiwa katika hali ile kungeweza kumuua. Akaomba kikatwe mara tu atakapofariki. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, hospitalini Mbeya, alfajiri.

Wazee wa ukoo walikataa. Walitaka mwili uzikwe kamili, na huku msuli ukichelewa kukatwa haufai tena kupimwa. Ndipo shangazi yetu Elina akasema, "Babu zenu walikuwa wanampasua marehemu ili wajue kilichomuua. Huyu ameomba mwenyewe. Mnaogopa nini?" Kisha akamshika mkono binti yangu Tulia, mwenye miaka tisa, ambaye kope zake nazo zimeanza kushuka jioni. Baba alilia, akatia sahihi kuruhusu kikatwe.

Marehemu ameacha mume, mtoto mmoja, Prosper, baba yake, mimi mdogo wake Ipyana, na Tulia.

Kipande kimefika maabara, majibu bado. Jana Tulia aliniuliza, "Baba, shangazi Ikupa ameshajibu?" Nikamwambia bado, anaendelea na kazi.

Dada yetu, pumzika kwa amani.