Hayo Maneno Yametoka Boma Gani?

Benchi yetu iko nje ya karakana yangu ya kuchomelea mageti, Kitengela, karibu na soko la mifugo. Sheria yake ni moja, na niliiweka mimi: uongo peleka kwako. Oktoba ile ya 2001, mwezi mmoja baada ya majumba ya Amerika kuangushwa, tulikaa hapo na birika la kahawa na jambo zito. Irungu, tunayemwita Landilodi, alikuwa amemwambia Burhan, mchinjaji wa kichinjio chetu, ahame na familia yake. Jioni hiyo ndiyo alikuwa atoe neno la mwisho.

— Mimi sina ubaya na yeye, Irungu akasema. — Lakini hii jihadi yao, nikilala naifikiria. Niko na wapangaji wengine.

— Ni lazima kwa kila Muislamu, akasema Nalianya, ambaye kwa ajili ya karedio kake ka mfukoni tunamwita Redio. — Akifika umri, anaitwa. Nimesikia na hii masikio.

— Nani alisema? nikauliza.

— Sikushika jina, Fundi. Betri iliisha.

— Wachana na redio, akasema Maweu. Yeye ni Kaseti, kwa kuwa hutembea na kaseti za mahubiri. — Niko na ya mhubiri ameisoma dini yao. Kila mmoja wao amepangiwa mahali pa kushambulia. Wachinjaji wanapewa mtaa mzima!

— Aliisoma wapi? nikauliza.

— Hiyo pengine iko kwa kaseti ya pili. Mimi nilipata moja.

Parsaoti, dalali wa ng'ombe, akagonga rungu chini.

— Nyinyi watu! Ng'ombe akiletwa sokoni, mnauliza nini kwanza?

— Ametoka boma gani, nikajibu.

— Boma gani, amepitia mkono wa nani, na huyo anajulikana na nani. Mtu mmoja akikosekana hapo katikati, mimi siguzi. Sasa haya maneno ya kufukuza watoto kwa nyumba mnanunua hivi hivi?

Hasira ikanipanda. Burhan alikuwa akipita kutoka msikitini; nikamwita, nikamwonyesha nafasi kwa benchi.

— Burhan, tuambie jihadi ni nini. Na usitupake mafuta.

Akakaa pembeni. Nikammiminia kahawa. Hakuigusa.

— Ndugu yangu, Irungu akasema, na nikaona anatafuta mlango wa kutokea. — Nimesoma kwa gazeti kwamba Mtume wenu, akitoka vitani, alisema jihadi kubwa ni ya mtu na nafsi yake. Sema ni kweli, tumalize haya mambo.

Sote tukamtazama Burhan. Neno moja tu, na watoto wake wangelala kwao.

— Hayo maneno nayapenda, akasema polepole. — Lakini kwetu neno la Mtume huja na majina. Fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka limfikie mwenyewe. Jina likikosekana, au mmoja wao akiwa si wa kuaminika, neno linapungua nguvu. Hilo wasomi wengi wamesema ni dhaifu. Siwezi kukuapia alilisema.

— Burhan! nikafoka. — Hii ni nyumba yako tunaongea!

— Si umesema nisipake mafuta, Fundi? Jihadi ni kujitahidi kwa ajili ya Mungu. Kushindana na nafsi kumo, hata bila neno hilo. Vita pia vimo, Mzee Irungu, sitakuficha, na mipaka yake imo. Kuua watu walio kazini kwao hakumo. Nikikudanganya leo kwa hili tamu, hayo mengine utayaamini vipi?

Parsaoti akamgeukia Irungu.

— Huyu amekuonyesha mguu mbovu wa ng'ombe wake kabla hujauona. Mimi ningenunua.

Ndipo Kafiya, mke wa Burhan, akavuka barabara, akasimama mbele yetu.

— Habari ya jioni, wazee. Mzee Irungu, sufuria zangu ziko kwa gunia tangu asubuhi, na watoto wanalia njaa. Nizitoe nipike, ama nifunge gunia?

Irungu akamtazama Redio. Akamtazama Kaseti. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akanisukumia kikombe nimwongeze kahawa, nami nikainamisha birika. Hakikutoka kitu.

Kafiya alikuwa bado amesimama, akingoja jibu.