Hilko Tammena na Namba Inayokosewa

Ijumaa hii, tarehe 29 Machi, Bwana Hilko Tammena wa dawati la kuhamisha namba anastaafu baada ya kuzihudumia simu za mkoa wetu kwa miaka arobaini na moja, kwanza chini ya serikali, kisha hapa kwenye kampuni yetu, Deichnetz. Kadi za mwaliko zinasema kumi na nne. Aliyemsomea mchapaji maneno hayo kwa simu ni mwandishi wa wasifu huu, na kwa kuwa sisi Wafrisia wa pwani hii hutamka "moja na arobaini", mchapaji aliandika moja, akafuatisha nne, akaenda zake kunywa chai. Hilko alipoiona kadi alisema kumbe bado kijana, arudi kazini. Wasomaji walikumbuke kosa hilo, maana litarudi.

Alianza na ngazi. Enzi hizo simu zilipita juu ya nguzo, na katika nchi tambarare kama yetu upepo wa bahari haukuwa na cha kuuzuia isipokuwa ng'ombe na Hilko. Wakubwa wake walimsifu kwa umakini na kumlalamikia kwa kuchelewa. Kilichomchelewesha ni chai. Ukiingia nyumba ya Mfrisia unamiminiwa kikombe, kisha kingine, na utaendelea kumiminiwa mpaka utumbukize kijiko kikombeni kuonyesha umetosheka. Kwa Hilko, kutumbukiza kijiko kabla ya kikombe cha tatu ni utovu wa adabu. Basi kutengeneza simu moja iliyoingia kutu kulimaliza asubuhi nzima, ila akitoka hapo alijua kila waya unakopita na nani hasemi na nani.

Kampuni ilipoanza kuuza simu za intaneti, aliteremshwa kwenye ngazi akapewa kiti. Watu wa hapa hawakuichukia intaneti. Walichoogopa ni kupoteza namba zao. Namba ya simu ya nyumbani ilikuwa imepakwa rangi ubavuni mwa trekta na kuchongwa kwenye mbao za maduka, na watoto waliooa na kuolewa mbali walikuwa nayo kichwani. Kazi ya Hilko ilikuwa kuitoa namba kwenye waya wa zamani na kuiingiza kwenye kisanduku kipya chenye taa bila kuiangusha njiani.

Alikuwa na amri moja tu, na aliirudia mpaka tukaanza kuiota: "Usikate mkataba wako mwenyewe. Tuachie sisi tukukatie." Kampuni mpya ndiyo inayoiomba namba kwa kampuni ya zamani na kuusitisha mkataba kwa niaba ya mteja. Mteja akiwahi kukata, laini inazimwa, namba inabaki haina mwenyewe, na baada ya muda mfupi inarudi kapuni ikimsubiri mwingine. Ni jambo jepesi kulieleza, lakini nani awaeleze Wafrisia waondoke mahali bila kuaga? Mteja baada ya mteja aliandika barua ya heshima ya kusitisha mkataba, akaituma mapema, kisha akaja kwetu kifua mbele kutuarifu kwamba mambo yote ameshayaweka sawa. Hilko alikuwa akishika kichwa kwa mikono miwili, halafu anaanza kuifukuzia namba.

Wako pia waliokwama kwenye majina. Ombi la Bibi Antje Siebels, anayekaa karibu na kinu cha upepo, lilirudishwa mara kadhaa kwa sababu jina lake halikulingana na la kwenye mkataba wa zamani. Hilko alimfuata nyumbani, akanywa vikombe vyake vitatu, akauliza ni nani aliyeiingiza simu humo ndani. Bibi alisema ni baba mkwe wake, ila huyo hawezi kusaini kwa sababu yuko kanisani. Hilko akataka kujua kama anaimba kwaya. Bibi akasema hapana, amezikwa. Namba iliokolewa, na tangu siku hiyo Bibi Antje humwita Hilko "mwanangu", ingawa umri wao haupishani sana.

Sasa tuje kwenye 3314.

Hiyo ndiyo namba ya nyumbani kwa Hilko. Ya mwokaji wetu, Bi Swantje Heyen, ni 3341. Mtu akiambiwa "moja na arobaini", kidole chake hubonyeza moja kwanza, na kwa njia hiyo nusu ya mji huu imekuwa ikiagiza mikate ya Jumamosi kwa Hilko. Mwingine angekata simu au angetukana. Hilko huuliza mikate mingapi, yenye ufuta au mitupu, halafu anampigia Swantje na kumsomea oda zote. Swantje humwita karani wake. Mshahara wa karani huyo ni mkate wa zabibu kila Krismasi, na hajawahi kudai nyongeza.

Hilko hakuoa, na dada yake wa pekee ni mtu wa kadi za posta. Sisi wa dawatini tulimtania miaka yote kwamba simu yake ingekuwa pambo la ukutani kama isingekuwa njaa za watu. Naye alicheka nasi.

Vuli iliyopita uongozi uliwataka wafanyakazi wote waliobaki kwenye waya wa zamani wa shaba wahamie kwetu. Ndipo ilipojulikana kwamba mtu aliyeuhamisha mkoa mzima, yeye mwenyewe alikuwa bado mteja wa kampuni nyingine. Mzoea punda hapandi farasi. Hilko aliomba radhi, akajaza fomu yetu, akaenda nyumbani, akaketi mezani, na kwa mwandiko wake mzuri akaiandikia kampuni ya zamani barua ya kuishukuru kwa utumishi wake, kuitakia heri, na kukata mkataba.

Ndiyo, alikata mwenyewe. Mganga hajigangi.

Hakutuambia. Tuliyajua kupitia kwa Swantje Heyen, aliyeingia ofisini na mfuko wa mikate iliyomdodea, akautua kaunta na kuuliza, "Karani wangu mmemficha wapi?" Wateja wake walikuwa wakipiga na kujibiwa kwamba namba hiyo haipo, na badala ya kuangalia walivyobonyeza, wakaenda kununua mikate ya nailoni dukani. Macho yote yakamgeukia Hilko. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mkuu wetu wa idara, Bwana Okko Reents, alisema kwa nia njema kabisa kwamba hilo si tatizo, ni bahati. Achukue namba mpya isiyofanana na ya mtu yeyote, astaafu, na Jumamosi alale mpaka achoke. Hilko alivua miwani, akaikunja.

"Kulala nitalala," alisema. "Lakini hiyo namba mpya, nani atanipigia?"

Miaka yote tulidhani anawavumilia wale watu, kumbe alikuwa akiwasubiri. Bwana Reents alikwenda kuangalia dirishani kama mvua imeanza.

Mwandishi wa wasifu huu alilichukua faili la Hilko. Hilko alikalishwa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaulizwa swali lake mwenyewe: "Bwana Tammena, nani alikutuma ukate?" Akajibu kama wanavyojibu wote, kwamba alidhani ndiyo adabu. Tukapiga simu kule, na namba ilikuwa bado haijapewa mtu. Ila ombi letu lilirudi kwa sababu ya jina. Kwenye mkataba wa zamani alikuwa ameandikwa Hilke, jina la kike, na kwa muda wote huo kampuni ile ilikuwa ikimtumia salamu za sikukuu kama Bibi Tammena, naye hakutaka kuwasumbua kwa kuwasahihisha. Ikabidi ombi lipelekwe upya kwa jina la Bibi Hilke, na kikombe chake hapa ofisini kinalo jina hilo mpaka leo. Karani wa upande wa pili alikuwa mtu mwema. Namba ilivuka.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini akiwa na uso wa bwana harusi. Jumamosi, alisema, kisanduku chenye taa kilikuwa kimewashwa, naye amekaa mbele yake na kalamu. Simu ikalia. Alikuwa Bibi Antje Siebels, anataka mikate miwili, mitupu. Hilko akaona ni wajibu wake, kama mtu wa kampuni, kumweleza safari hii kwamba mwokaji ni arobaini na moja. Bibi akamjibu kwamba anajua, amejua tangu zamani.

"Ya Swantje ninayo ukutani, mwanangu. Ila Swantje hana muda wa kuongea."

Basi, Hilko, asante kwa ngazi na kwa kiti. Asante kwa kila namba uliyoivusha, na kwa kutufundisha amri ambayo wewe mwenyewe uliivunja kwa uungwana. Tunakutakia afya, chai isiyopoa, na kijiko kikae mbali na kikombe chako kwa miaka mingi. Zawadi yetu haikufungwa kwenye karatasi. Tumepangana zamu hapa dawatini, na Bwana Reents ameomba awe wa kwanza. Kuanzia Jumamosi ijayo tutakuwa tunataka mikate, na tutakosea namba.